Mnara Umefika: Je, Zamu ni ya Nani?

Mwezi Agosti 2022 habari moja kuhusu mlima wetu ilisomwa duniani kote. Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua huduma ya intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro. Huduma hiyo ilifikishwa hadi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Waziri mhusika wa wakati huo, Mheshimiwa Nape Nnauye, akatangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha ingefika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sababu zilizotolewa zilikuwa njema: mgeni aweze kuwasiliana na jamaa zake, na watu walioko mlimani waweze kuomba msaada wanapopatwa na hatari. Hakuna mwenye akili timamu atakayelipinga jambo hilo. Mpagazi wa Marangu au wa Machame anayezidiwa na baridi na upungufu wa hewa kule juu ana haki ya kuokolewa sawa na mgeni ambaye mzigo wake anaubeba.

Hata hivyo, ninapoikumbuka habari hiyo, hukumbuka pia asubuhi moja ya baadaye, huku chini ya msitu, katika migomba. Nilikuwa najiandaa kwa Misa nilipopokea ujumbe wa simu kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja kijana mmoja wa kwaya yetu kwa majina yake yote, ukamwita tapeli aliyekimbia deni, ukanitaka mimi nimwambie alipe. Kufika adhuhuri niligundua kwamba ujumbe huohuo ulikuwa umepelekwa kwa katekista, kwa mwenyekiti wa Jumuiya yake, kwa mwalimu wake wa zamani, na kwa bibi yake mjane aliyemlea. Kijana alikuwa amekopa shilingi 30,000 kwa njia ya simu janja ili anunue dawa ya kunyunyizia nyanya, na katika majuma machache deni lilikuwa limekaribia maradufu. Siku ya pili yake aliondoka nyumbani bila kuaga. Bibi yake aliniuliza swali moja tu: “Baba, hao watu nisiowajua, namba yangu waliipata wapi?”

Sikuwa na jibu siku ile. Tahariri hii ni jaribio la kulitafuta, kwa maana swali la yule bibi ni zito kuliko alivyodhani mwenyewe. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba simu na intaneti ni nyenzo za maendeleo. Nakubali kwamba ni nyenzo. Yafaa lakini tujiulize: nyenzo hiyo imo mikononi mwa nani, na inapomdhuru mnyonge, mnyonge huyo amwendee nani?

Ahadi iliyotolewa Arusha

Vijana wetu wengi hawajui kwamba ndoto ya kumpatia kila mwanadamu simu ilizungumzwa hapa jirani kabisa. Mwaka 1982, katika mkutano wake mkuu uliofanyika Nairobi, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu liliamua kuunda tume ya kuchunguza hali ya mawasiliano katika nchi maskini. Tume hiyo iliongozwa na Mwingereza Sir Donald Maitland. Taarifa yake ilisema mambo yaliyoutahayarisha ulimwengu: mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Tume ikapendekeza kwamba mwanzoni mwa karne ya 21 kila mwanadamu awe anaweza kuifikia simu kwa urahisi. Mwezi Mei 1985 wajumbe wa mataifa walikutana Arusha kuijadili taarifa hiyo, wakatoa tamko lao la kuunga mkono maendeleo ya mawasiliano ulimwenguni.

Wakati ule jambo hilo lilionekana kama hadithi. Sisi tuliokuwa watoto wa seminari ndogo katika miaka ya 1990 twakumbuka vizuri: barua ilikwenda majuma mawili, na habari ya msiba iliwahi kufika baada ya mazishi. Kupiga simu ilikuwa safari ya kwenda Posta mjini, kupanga foleni, kuandikiwa namba, na kupaza sauti hadi waliosubiri nje wakazijua shida za ukoo mzima. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza mwaka 1994, lakini simu zenyewe zilikuwa za matajiri wa mjini.

Leo hali imegeuka kabisa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kufikia mwaka 2025 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimepita milioni 90. Laini zimekuwa nyingi kuliko watu. Pale ambapo makampuni hayakuona faida ya kujenga, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulipewa kazi ya kuyavuta kwa ruzuku. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Kwa kipimo cha Tume ya Maitland, basi, lengo limekaribia kutimia. Lakini je, kipimo hicho chatosha?

Mema tuliyoyaona

Haki hudai tuanze na shukrani. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia kwetu mwaka 2008. Chimbuko lake lilikuwa jaribio lililosaidiwa na fedha za misaada za serikali ya Uingereza, kwa nia ya kuwawezesha wakopaji wadogo kurudisha mikopo yao kwa simu. Watu wakaigeuza wenyewe kuwa njia ya kutumia nyumbani fedha za matumizi. Wataalamu wawili wa uchumi, Tavneet Suri na William Jack, walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilizitoa katika ufukara kaya 194,000 nchini Kenya, nyingi kati ya zilizonufaika zikiwa zinaongozwa na wanawake. Wako waliotilia shaka hesabu hiyo. Lakini nani kati yetu, katika ukoo uliotawanyika kama koo za Kilimanjaro zilivyotawanyika, hajaona mama mzee akipata karo au nauli ya hospitali kwa dakika moja kutoka kwa mtoto aliyeko Kariakoo?

Nataja mifano miwili mingine ya hapa nchini. Wa kwanza ni wa shirika la CCBRT. Wanawake wenye fistula walikuwa wanabaki na aibu yao vijijini, ingawa matibabu yalitolewa bure, kwa sababu tu ya kukosa nauli ya kwenda Dar es Salaam. Tangu mwaka 2009 shirika hilo lilianza kuwatumia nauli kwa njia ya simu, kupitia watu wa kujitolea waliowatafuta wanawake hao katika vijiji vyao na kuwapandisha katika basi. Mfano wa pili ni mpango wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa na kuanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mwenye uchungu wa uzazi hupigiwa simu ya bure namba 115. Mtaalamu aliyeko kituoni hupima hatari. Na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa jirani aliyekwisha kuandikishwa huitwa ampeleke, naye hulipwa kwa simu.

Naomba msomaji atazame kwa makini kinachofanya kazi katika mifano hiyo miwili. Simu imo, lakini haiko peke yake. Nyuma yake yuko mtu aliyetembea hadi mlangoni kwa yule mwanamke, liko gari, yuko dereva mwenye jina, iko hospitali yenye mganga, na uko ufungu wa fedha uliotengwa. Simu imeviunganisha vitu hivyo, wala haikuvizaa. Aliyeshika simu upande wa pili anajulikana, na akikosea anaulizika. Hapo ndipo nyenzo inapoitwa nyenzo kwa haki.

Bei ya New York na makato ya kijijini

Sasa tuje kwenye kahawa, maana ndiyo iliyosomesha wazazi wetu na kuezeka makanisa yetu kwa mabati.

Wataalamu wa maendeleo hupenda kusimulia habari za wavuvi wa Kerala, kusini mwa India. Kati ya mwaka 1997 na 2001 simu za mkononi zilipofika pwani ile, wavuvi walianza kupiga simu wakiwa bado baharini wakiuliza bei katika bandari mbalimbali. Kabla ya hapo samaki walitupwa katika bandari moja kwa kukosa mnunuzi, ilhali bandari ya jirani watu walikosa kitoweo. Mchumi Robert Jensen alionyesha kwamba baada ya simu kufika upotevu huo ulikoma, faida ya wavuvi ikapanda kwa kadiri ya asilimia 8, na bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4. Habari hiyo ni ya kweli na ya kutia moyo. Lakini haisimuliwi sana ile ya Maharashtra, katika India hiyohiyo. Huko watafiti Marcel Fafchamps na Bart Minten walifanya jaribio katika vijiji 100, wakiwapelekea baadhi ya wakulima ujumbe wa simu wenye bei za masoko, kisha mwaka 2012 wakatoa matokeo: bei waliyoipata wakulima hao haikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa nini tofauti hiyo? Mvuvi wa Kerala alikuwa na chombo chake, na akiisha kujua bei aliweza kugeuza usukani. Kujua kwake kulifuatana na uwezo wa kutenda. Asiye na usukani hujua tu jinsi anavyopunjwa.

Mkulima wa Kibosho, wa Uru au wa Rombo leo aweza kuiona bei ya kahawa ya New York katika simu ya mwanawe. Mwezi Februari 2025 aliweza kuona kwamba ratili moja ya arabika imevuka dola 4, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Na kama simu ingekuwapo mwaka 2001, angaliona imeanguka chini ya senti 50 za dola, wakati ule wengi wetu waliposhuhudia mibuni ikitelekezwa na mingine iking’olewa. Ni jambo jema kujua. Lakini kahawa yake yeye haiendi New York kwa simu. Huipeleka katika chama chake cha msingi, hupokea malipo ya awali, kahawa hukobolewa mjini na kupelekwa mnadani, naye husubiri malipo ya pili. Kati ya mnada na malipo hayo kuna ushuru, usafirishaji, ukoboaji, riba ya mkopo wa chama, na gharama nyingine zinazoandikwa kwa majina yasiyoeleweka. Simu humwambia bei ya New York, lakini haimwambii makato ya chama chake kilichoko hatua mia tano kutoka kihambani kwake. Anajua mambo ya mbali asiyoweza kuyabadili, hajui mambo ya karibu ambayo angeweza kuyauliza.

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1925 walipoanzisha chama chao cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, wakiwa na Joseph Merinyo kati ya viongozi wao, na mwaka 1933 kilipoundwa chama kikuu cha KNCU, hawakuwa na simu. Walikuwa na kitu kingine: mkutano. Walijua kwamba mkulima mmoja mwenye gunia moja hana sauti mbele ya mnunuzi, lakini wakulima maelfu wenye ghala moja wana sauti. Ushirika wetu umepita mengi tangu hapo. Ulivunjwa na serikali mwaka 1976, ukarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, ukatikiswa na soko huria katika miaka ya 1990, na umejeruhiwa pia na ubadhirifu wa baadhi ya viongozi wake wenyewe. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mjini Moshi mwaka 1963 leo ni Chuo Kikuu. Kwa elimu yote hiyo iliyoko mlangoni petu, ni vigumu kueleza kwa nini mwanachama wa chama cha msingi apokee kwa simu matangazo ya bahati nasibu kila siku, asipokee hata mara moja kwa msimu ujumbe wenye mistari mitano: kilo ulizoleta, bei ya mnada, makato kwa majina yake, malipo yako, na tarehe ya mkutano.

Mfongo usio na wazee

Sisi watu wa mlimani hatuhitaji kwenda ng’ambo kujifunza namna ya kutumia kitu cha pamoja. Tunayo mifongo. Karne nyingi zilizopita wazee waliyatoa maji katika mito ya juu, wakayapitisha kandokando ya magenge hadi vihambani, kwa ustadi ambao wageni waliofika hapa karne ya 19 waliuandika kwa mshangao. Lakini ustadi mkubwa zaidi ulikuwa katika sheria zake. Mfongo ulikuwa na wazee wake. Kila kaya ilikuwa na zamu. Siku ya kuuzibua wote walitoka kwa msaragambo, na asiyetoka alitozwa faini au alikosa maji. Aliyeko juu hakuruhusiwa kuyafunga maji yote kwa sababu tu yeye ndiye wa kwanza kuyaona. Na aliyeonewa alijua mlango wa kwenda kubisha.

Intaneti ni mfongo wa siku hizi. Inatiririka kutoka mbali, inapita katika mashamba ya wengi, na inaweza kustawisha au kubomoa. Tofauti ni kwamba mfongo huu umefika kabla ya wazee wake. Hebu tuyatazame yale yaliyotupata.

Mwezi Mei 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Nia ya kuzuia uhalifu ilikuwa halali. Lakini niliwaona wazee wakilala katika foleni. Na wengine, ambao jembe limekwisha kuifuta mistari ya vidole vyao, mashine ikikataa kuwatambua. Waliotumikia ardhi muda mrefu kuliko wote wakawa wa kwanza kukosa laini.

Mwezi Julai 2021 iliwekwa tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zingejenga madarasa na vituo vya afya, na hayo ni mahitaji ya kweli. Wananchi walilalamika, na mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena baadaye. Tunashukuru kwamba walisikilizwa. Hata hivyo lilibaki somo: mzigo wa maendeleo uliwekwa juu ya fedha anazotumiwa mama mjane, mahali penye urahisi wa kukusanya kuliko penye uwezo wa kulipa.

Halafu imekuja mikopo ya mtandaoni, ambayo watu wenyewe wameiita “kausha damu”. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuvunja faragha za watu. Hapa ndipo lilipo jibu la yule bibi. Kijana alipobonyeza mahali palipoandikwa “nakubali”, kwa lugha asiyoielewa, alikuwa amewapa wakopeshaji ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni mwake. Namba ya bibi yake ikawa rehani. Aibu yake ikawa dhamana. Zamani mdai alikuja nyumbani, akakaribishwa kiti, na wazee wakasuluhisha. Mdai huyu hana uso, hana nyumba, wala hana mzee wa kumwonya.

Na mwisho, hatuwezi kunyamazia yaliyotokea tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima, na haikurejea kwa umma hadi tarehe 3 Novemba. Zilikuwa siku ambazo watu waliuawa katika machafuko, na ndizo siku hizohizo ambazo mzazi alihitaji kuliko wakati wowote kujua mwanawe yuko wapi. Wenye mamlaka wanao wajibu wa kulinda amani, wala uchochezi hautetei mtu. Lakini amani haijengwi kwa kuwaziba watu masikio na midomo kwa pamoja. Taifa lililohamishia katika mtandao biashara zake, masomo yake na mawasiliano ya jamaa zake haliwezi kuufunga mfongo wote kwa sababu ya ugomvi kando ya mto, halafu likawaambia walioko chini kwamba maji hayo ni chombo cha maendeleo yao.

Nyumbani mwetu wenyewe

Ingekuwa unafiki kuonyesha kidole nje tu. Sisi mapadre na viongozi wa parokia tumejifunza haraka sana kutumia simu kukusanya: zaka, mavuno, harambee za ujenzi, michango ya jubilei. Ujumbe wa kukumbusha ahadi hufika kila juma. Je, ujumbe wa kueleza matumizi hufika mara ngapi? Tunawezaje kuidai taarifa ya makato kutoka chama cha msingi, kama muumini hapati taarifa ya mchango wake kutoka ofisi ya parokia? Haki huanzia sakristia.

Kadhalika familia zetu. Mwezi Desemba wana wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani, migomba hujaa magari na kelele za furaha. Kisha mwezi Januari wazazi hubaki na simu. Kutuma shilingi 20,000 ni jambo jema, lakini muamala hauchoti maji wala haumshiki mzee mkono usiku. Na mara nyingi mzee huyo hawezi hata kuipokea fedha hiyo mwenyewe: namba yake ya siri imeandikwa katika karatasi iliyofungwa kwenye pindo la kanga, anaijua wakala, anaijua mjukuu, na anaijua jirani.

Tufanye nini?

Tume za Haki na Amani zilitokana na hatua ya Papa Paulo VI, aliyeunda tume ya namna hiyo Roma mwezi Januari 1967 na miezi miwili baadaye akatoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, Populorum Progressio. Mwaka huohuo taifa letu lilitoa Azimio la Arusha. Njia zilikuwa mbili, lakini zilikutana katika fundisho moja: kuongezeka kwa vitu si maendeleo, kama mtu mwenyewe hakui, na kama jirani yake anaachwa nyuma. Kwa msingi huo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, wanachama wa vyama vya msingi wadai, katika mkutano mkuu na kwa kumbukumbu za maandishi, kwamba hesabu za kila msimu zipelekwe kwa kila mwanachama kwa ujumbe mfupi wa simu. Hata simu ndogo ya batani, ile vijana waiitayo kitochi, hupokea ujumbe huo. Gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja.

Pili, kila parokia iwe na meza ya msaada, walau mara moja kwa juma, ambapo vijana waaminifu watawafundisha wazee kutunza namba ya siri, kutambua utapeli, kupiga *106# ili kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, na kupeleka namba za matapeli kwa mamlaka kupitia 15040. Vijana hao wapo. Wengi wamemaliza kidato cha nne na wanakaa vijiweni.

Tatu, aliyedhalilishwa na wakopeshaji asijifiche. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na ipo Tume iliyoundwa kuisimamia. Sheria isiyotumiwa na wanyonge hubaki pambo la kabati. Ofisi za Haki na Amani ziwasaidie kuandika malalamiko. Na Jumuiya zetu zivihuishe vikundi vya kuweka na kukopa, ili kijana anayehitaji shilingi 30,000 za dawa ya nyanya azipate kwa watu wanaomjua.

Nne, tuwaombe watunga sheria waweke wazi ni nani mwenye mamlaka ya kuzima mawasiliano, kwa sababu gani, kwa muda gani, na chini ya usimamizi wa mahakama ipi. Mfongo wenye sheria hulinda hata uhai wa walioko juu.

Ndugu msomaji, yule kijana alirudi. Wanajumuiya walichangishana, wakalilipa deni lake, naye anarudisha kidogo kidogo baada ya kila mavuno. Bibi yake bado anayo simu yake. Huizima usiku, husema, ili alale. Siku atakapoweza kuiacha wazi bila hofu, na kuitumia kumuuliza katibu wa chama chake, “Makato haya ni ya nini?” na akajibiwa, siku hiyo tutasema bila kujidanganya kwamba mnara umeleta maendeleo.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu ni nani asiyeweza kutumia simu yake bila kumpa mwingine namba ya siri? Tutamsaidiaje?

2. Je, mara ya mwisho kupata hesabu kamili ya mauzo ya kahawa yetu ilikuwa lini? Na hesabu ya michango yetu ya parokia?

3. Kuna mtu kati yetu aliyeaibishwa kwa deni la mtandaoni? Tulimcheka, au tulimwendea?